Golikipa wa Bwera na Magoli Aliyofungwa

Kutoka duka la Hajji hadi kibanda cha chai cha Mama Biira, sokoni Bwera, ni hatua mia moja na arobaini. Najua kwa sababu nilizihesabu siku moja nikiwa na hasira. Mimi nilizimaliza kabla sijaimaliza ndizi niliyokuwa nikila njiani. Golikipa aliondoka pale dukani umande ukiwa bado kwenye nyasi, akafika kwa Mama Biira birika la pili limeshakauka. Katikati hapo alikuwa amemuuliza mama wa chumvi habari za mguu wake, amebishana na fundi baiskeli juu ya mnyororo, amemvulia kofia bibi mmoja aliyevuka mpaka kutoka Kongo, upande wa Wabelgiji, na mawese yake kichwani, na amesimamishwa na watu wengi waliotaka tu kumshika mkono, kisha waende zao wakasimulie kwamba wameushika.

Alikuwa Mwitaliano. Vita vilimleta Uganda akiwa mfungwa, vita vikaisha, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kujenga madaraja na makalavati ya barabara ya Kasese na Bwera. Hayo ndiyo ninayoyajua juu ya asili yake, na sikuwahi kumuuliza zaidi. Jina lake la ubatizo lilikuwa refu. Tulilijaribu, likatushinda, tukaliacha. Kwa kuwa huko kwao zamani alikuwa kipa, tena wa timu iliyosafiri kwa treni kwenda kucheza, tulimwita Golikipa. Watoto, wazee, padri, hata askari wa mpakani, wote: Golikipa.

Kilichoniuma ni kwamba golikipa wa Bwera nilikuwa mimi.

Nilikuwa utingo kwenye lori la Hajji, na Hajji ndiye aliyekuwa na malori mawili na timu moja. Kwetu ni Maliba, mlimani. Uwanja wetu wa utotoni ulikuwa ubavuni mwa kilima. Mpira ukikupita unateremka hadi mtoni, na aliyekosa ndiye anayeufuata. Mtu aliyekulia hapo hujifunza kudaka, atake asitake. Nilipofika Bwera hapakuwa na kijana wa kunigusa langoni. Lakini cheo kilikuwa kimeshachukuliwa. Mimi niliitwa "yule wa langoni." Nikidaka mpira mgumu, watu walisema, "Ona Golikipa alivyomfundisha!" Nikifungwa, walitikisa vichwa: "Ah, angekuwa Golikipa." Naye hakuwa amecheza tangu kabla ya vita, na akiinama kufunga viatu magoti yake yalilia kama kuni kavu.

*

Siri ya kupendwa kwake, kama ilikuwa siri, ilikuwa katika hadithi zake. Hakuwahi kutuhadithia mpira hata mmoja aliodaka. Alihadithia magoli aliyofungwa.

Aliyajua yote, na aliyapenda kama mtu anavyopenda ng'ombe zake, kila moja kwa rangi yake. Na watu wa Bwera waliyajua pia. Akishaketi kwenye benchi la Mama Biira, mtu mmoja angeanza: "Golikipa, tupe ile ya umbwa."

Basi angesimama. Mbwa aliingia uwanjani, mbwa mdogo mweupe mwenye sikio moja jeusi, akakaa katikati ya lango, akamtazama. "Mimi natazama yeye, yeye natazama mimi. Mimi nasema, wewe, toka! Yeye nasema, toka wewe!" Na hapo mpira ukapita juu ya wote wawili. Alicheza sehemu ya mbwa, akacheza sehemu yake mwenyewe, akacheza na sehemu ya mpira, kwa kidole kimoja kinachopita polepole mbele ya macho yetu.

Mama Biira alipenda lile la vifungo. Mama mzazi wa Golikipa alikuja mara moja tu kumwona akicheza. Kulikuwa na baridi. Akasimama nyuma ya lango na kumgombeza mbele ya uwanja mzima afunge vifungo vya sweta lake. Mwana mtiifu akainama, akafunga cha kwanza, cha pili; cha tatu kilipoingia kwenye tundu lake, mpira nao ukaingia kwenye wavu.

"Na mama alisema nini?" Mama Biira aliuliza kila mara, ingawa alilijua jibu.

"Alisema, sasa iko vizuri, sasa hapana sikia baridi."

Mama Biira alikuwa mwanamke mnene, mzito wa kucheka, aliyewazika waume wawili na kuwasomesha watoto wanne kwa maandazi. Kwa goli lile la vifungo alikuwa akijifuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Mama ni mama," alisema. "Hata mimi ningefanya vile."

Mimi nilikaa pembeni na kikombe changu nikiwaza: mtu anasifiwa kwa kufungwa? Siku moja nilijaribu kuhadithia penalti niliyodaka Kasese. Niliieleza vizuri, tangu mpigaji alivyorudi nyuma hadi mpira ulivyonasa kifuani. Waliniitikia kwa adabu. Kisha fundi baiskeli akaniuliza kama chumvi ya Katwe imepanda bei.

*

Mikono yake ilikuwa mikubwa, vidole viwili vya kulia vimepinda kwa kuvunjika zamani. Ungetegemea mikono ile idake kila kitu. Lakini ukimrushia kiberiti, alisogea pembeni akakiacha kianguke, kisha akakiokota. "Mikono yangu nastaafu," alisema. Machungwa, funguo, hata sabuni: vyote vilianguka chini mbele yake. Vijana walifanya mchezo wa kumrushia vitu ili waone, naye hakukasirika hata mara moja.

Alichokasirikia ni saruji. Mtu akizidisha maji kwenye zege, Golikipa alitukana kwa Kiitaliano mpaka ndege wakaondoka mitini, kisha akaenda kando, akatoa rozari mfukoni na kuomba radhi, kisha akarudi kumalizia matusi yaliyobaki. Mwaka mmoja, kwa mapenzi yake kwa Hajji, aliamua kufunga siku moja ya Ramadhani. Saa nne asubuhi alikuwa amewafukuza kazi waashi wawili. Saa nane akamfukuza wa tatu. Adhana ya magharibi ilipolia, alikula tende tatu, akanywa maji, akachukua baiskeli kwenda kuwagongea wote watatu milango na kuwarudisha kazini. Hajji alikuwa akiikumbuka siku ile kila mfungo. "Mungu amsamehe," alisema, "ila mwaka ujao ale tu."

Kupenda sifa hakukuwa mbali naye. Alikuwa akisema, "Basi, basi, hapana piga makofi," lakini alisimama mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona akisema hivyo. Siku tulipokwenda Muhokya kucheza, tulikuta ngiri wamechimba mashimo mbele ya lango. Golikipa alivua koti, akaomba koleo, akafukia, akashindilia kwa buti, akapima kwa jicho moja kama anayepima daraja. Watu wa Muhokya walimpigia makofi kwa kila shimo. Siku ile nilidaka penalti. Hakuna aliyeiona, walikuwa wamemzunguka yeye wakimwuliza kama kwao kuna ngiri.

Na bado, lazima niseme ukweli, alinifundisha. Jioni baada ya kazi alisimama nyuma ya lango langu, mikono mgongoni, akiniacha nihangaike. Hakusema mengi. Siku moja nilipofungwa mpira mwepesi alinikaribia.

"Wewe iko na mikono mzuri. Miguu mzuri. Lakini macho hapana."

"Macho yangu ni mazima, Mzee."

"Macho yako natafuta watu. Wewe nadaka, halafu natazama nani nakuona. Angalia mpira, Baluku. Watu hapana ingia goli."

Nilikasirika siku tatu, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

*

Basi ikafika siku ya kucheza na timu ya reli. Reli ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kasese, na wafanyakazi wake walikuja na jezi za rangi moja na jozi kumi na moja za viatu vya kuchezea mpira, jambo ambalo kwetu lilikuwa la ajabu. Bwera yote ilikuwa uwanjani. Wengine walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu tangu alfajiri.

Katika kona ya kwanza mpira ulimgonga beki wangu begani ukaingia. Halikuwa kosa langu. Hata leo nasema halikuwa. Nikaenda kuutoa wavuni. Na hapo uwanja mzima ukaanza kuita: "Golikipa! Golikipa! Golikipa!"

Kwa pumzi moja, moja tu, nilidhani wananiita mimi. Nilidhani wananipa moyo. Nikainua mkono kuwashukuru.

Hajji akaja akikimbia kidogo, kanzu yake ameishika mkononi. "Baluku, mwanangu. Toa jezi."

"Hajji, ni goli moja tu."

"Naona. Lakini watu hawa wametoka mbali. Unawasikia? Wakirudi hivi hivi watasema Hajji ni mchoyo. Toa jezi, mwanangu, nitakufanyia jambo."

Nikamtazama Golikipa, aliyesimama nyuma ya lango kama kawaida yake. Nilitegemea akatae. Nilijua atakataa. Alitazama magoti yake, akatazama watu, kisha akavua kofia na kuiweka kwenye nyasi taratibu sana, kama mtu anayeingia kanisani.

Aliingia na suruali ya kazi na buti zenye saruji. Alifungwa manne. La kwanza lilipita chini ya kwapa. La pili aliangukia kulia, mpira ukaenda kushoto, naye akabaki amelala ubavu, kidevu juu ya kiganja, kama mtu anayesubiri kuletewa chai. Watu walilia kwa kicheko. La tatu sikuliona, niliangalia chini. La nne aliusindikiza mpira kwa macho hadi wavuni, akaupigia saluti. Tulifungwa matano kwa mawili. Kipyenga kilipolia walivamia uwanja, wakambeba mabegani, wakazunguka naye soko zima wakiimba. Hata kipa wa reli aliwafuata akipiga makofi.

Mimi nilikaa ndani ya lori la Hajji, juu ya magunia ya kahawa, nikiwa na shati langu na sina jezi. Ningeweza kuwavumilia kama wangekuwa wamekasirika. Walikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonikata.

Asubuhi yake alikuja nilipokuwa nafunga turubai. Alikuwa anachechemea.

"Baluku. Wewe iko na hasira?"

"Hapana, Mzee."

"Uongo."

Nikaendelea kukaza kamba.

"Mimi nataka sema neno moja. Hajji hapana lazimisha mimi. Watu hapana lazimisha. Mimi nilitaka. Miaka mingi sana hapana sikia watu naita mimi nyuma ya goli. Nikasikia, nikasahau wewe." Akavua kofia. "Hiyo iko mbaya."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa visingizio. Kisingizio ningeweza kukitupa. Ukweli wake ulikaa pale kati yetu, sikujua niuweke wapi.

"Goti?" nikauliza.

"Goti nakufa," akasema.

Hata hivyo niliondoka. Juma lile lile nikaenda Kasese, na watu wa reli wakanipa kazi ya kupakia mizigo na jezi ya langoni.

*

Miezi kadhaa baadaye timu ya reli ilirudi Bwera, na mimi nikiwa langoni. Sikulala vizuri. Tulipoingia uwanjani walinizomea kidogo, si sana. Hawakunikumbuka vya kutosha. Nikaenda langoni kwangu, nikapiga nguzo kwa kiatu kama desturi. Nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu.

Alikuwa amesimama pale, mikono mgongoni.

"Mzee, huku ni upande wa reli."

Akaendelea kutazama uwanja.

Watu wakaanza kumwita. "Golikipa, rudi huku!" Kisha wakadhani hajaelewa. "Golikipa! Huko iko adui!" Kisha wakaelewa kwamba ameelewa. Kelele zilibadilika. Nilizisikia zikibadilika, kama maji ya mto yanapobadilika mvua ikinyesha juu mlimani.

Hakunipa shauri lolote. Aliwajua washambuliaji wa Bwera mmoja mmoja, mguu gani mzuri na mguu gani mbovu, wala hakuninong'oneza hata neno moja. Alisimama tu. Nilidaka wa kwanza, nikadaka wa pili, nikautoa wa tatu kwa ncha za vidole ukapita juu ya mwamba.

Ikafika mapumziko, tukabadilishana malango. Nikasema moyoni, sasa atabaki alipo, nusu hii atakuwa nyuma ya kipa wa Bwera, mambo yataisha. Nikavuka uwanja. Nikageuka. Golikipa alikuwa anakuja, peke yake, kwa goti lile, akipita katikati ya uwanja mtupu kutoka mwisho hadi mwisho, na Bwera yote ikimzomea. Mtu mmoja alimtupia ganda la muwa. Akasogea pembeni, likaanguka, safari hii hakuliokota. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Mzee, nenda kule!" nilimwambia. "Watakuchukia."

"Angalia mpira," akasema.

Nikaangalia mpira. Tulishinda moja bila.

Yaliyofuata niliyasikia kutoka kwa madereva waliofika Kasese. Walisema fundi baiskeli aliiacha baiskeli ya Golikipa na pancha wiki nzima. Walisema Hajji alimpita njiani Ijumaa mbili bila salamu, jambo lililomgharimu Hajji mwenyewe usingizi. Golikipa alipofika kwa Mama Biira na kukaa kwenye benchi, yule mama alimwambia, "Chai imeisha," na birika likichemka kati yao. Akasema asante, akaondoka. Kesho yake akarudi. Imeisha. Akasema asante. Wakaendelea hivyo siku nyingi. Mwisho, walisema, Mama Biira alibamiza kikombe mezani.

"Kaa! Kunywa! Umeniuzi, lakini wale wengine wote hawana hadithi. Mutu anakuja, anakunywa, anataja bei ya pamba, anaenda. Nitakufa kwa bei ya pamba." Akamimina. "Leo utasema mbili. Ya vifungo, na ile ya umbwa."

Niliposikia hayo nilicheka peke yangu kati ya magunia, na hasira niliyokuwa nimeibeba tangu siku ya jezi sikuiona tena ilipokwenda.

*

Nilimwona mara ya mwisho Kikorongo, njia panda. Kwa wakati huo nilikuwa dereva. Nilikuwa nimerudi kwa Hajji, nikajifunza usukani, nikaachana na lango kwa sababu ya bega. Nilikuwa na kahawa ya kuwahisha kwenye treni Kasese. Tembo walikuwa wamesimama barabarani, wakubwa na watoto wao, na mbele yangu kulikuwa na basi. Ukikuta tembo hupigi honi. Unangoja.

Tembo wakamaliza, wakaingia vichakani. Basi halikuondoka. Nikangoja. Nikapiga honi.

"Nani huyo anapiga honi?" sauti zikatoka mbele. "Hana adabu?"

Nikashuka nikiwa na maneno tayari mdomoni. Dereva wa basi alikuwa ameshuka pia, na abiria wote wameshuka, na akina mama wauza samaki wameacha vibanda vyao, na katikati alikuwapo Golikipa na sanduku dogo la bati. Kazi ya madaraja ilikuwa imekwisha. Alikuwa anakwenda Kampala, na kutoka huko kwao, kwa dada yake. Watu walikuwa wamepanga mstari kumshika mkono. Mstari kweli, kama wa hospitali.

Sikuwa na la kufanya ila kupanga mstari nami. Mbele yangu kulikuwa na askari wa wanyama, nyuma yangu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nilipofika, alikuwa amechoka, na nywele zilikuwa zimeisha.

"Baluku," akasema. "Pole. Iko watu mingi."

"Hakuna neno, Mzee. Wamekuja kwa ajili yako."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama wa nyuma alikuwa ananisukuma, na kondakta akaanza kupiga bati la basi. Akapanda. Akatoa kofia dirishani, akaishika hivyo hadi basi lilipopinda.

Watu wakatawanyika polepole. Nilikuwa nimechelewa, kahawa ingelala, na nilijua Hajji atasema nini. Nikaona heri ninunue samaki. Muuza samaki alikuwa msichana mgeni, hakuwa wa enzi zile. Aliniuliza, huku akifunga ngege wawili kwa ukindu:

"Wewe ulimujua, yule muzungu?"

Nikataka kusema kwamba mimi ndiye niliyekuwa golikipa. Niliyafungua maneno yale mdomoni, nikayaacha.

"Alinitoa langoni siku moja," nikasema. "Mbele ya watu wote. Akafungwa manne."

Akaacha kufunga, akanitazama juu hadi chini.

"Yeye mwenyewe? Alikutoa wewe?"

"Mimi."

"Kumbe wewe iko mutu mukubwa hivi na unanunua samaki mbili tu!" akasema, akaniongezea wa tatu bure.